Mzee wa funguo alinihoji kwanza

Julai mwaka jana nilishuka kwenye daladala Ilomba saa mbili usiku, mwanangu amelala begani. Kufika mlangoni napapasa mkoba, funguo hazimo. Anayeishi Mbeya anaijua baridi ya Julai. Nikamwaga kila kitu barazani: kitambulisho, leso, nusu kilo ya sukari. Funguo hakuna.

Kwenye nguzo ya umeme karibu na geti kulikuwa na karatasi: fundi funguo, usiku na mchana, na namba ya simu. Nikapiga. "Elfu kumi tu dada, nakuja." Baada ya kama nusu saa akafika na bodaboda, akamulika kitasa kwa simu, na bila kujaribu hata waya akasema hakifunguki, lazima kivunjwe. Kipya anacho kwenye begi. Jumla elfu tisini. Nilipomuuliza kijiwe chake kiko wapi akajibu, "Mimi mji mzima ni wangu."

Bei ilinishtua, lakini kilichonitia hofu zaidi ni kwamba hakuuliza kama pale ni kwangu. Yeyote angeweza kusimama gizani na mtoto begani akamwambia vunja, naye angevunja.

Nikakataa. Akaanza kupandisha sauti. Jirani akatoka na tochi, nikampa yule kijana elfu tatu ya bodaboda, akaondoka. Tukalala kwa jirani, Mungu ambariki.

Asubuhi nikaanza kuuliza watu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akanitajia mzee mmoja wa Sokomatola. Seremala aliyewahi kunitengenezea kabati naye akamtaja huyohuyo, na hawa wawili hawajuani. Hilo lilinitosha kupanda daladala.

Nilimkuta chini ya mwavuli, mezani kuna jiriwa, tupa za kila saizi na funguo ambazo hazijachongwa zikining'inia kama samaki. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu", nikaeleza shida yangu. Sikusikia bei. Nilisikia maswali. Nyumba ya nani? Unapanga tangu lini? Mwenye nyumba anajua? Akataka nimpigie, yuko Tukuyu, wakasalimiana kwa Kinyakyusa na kuongea kirefu. Kisha akaniambia tukifika nimwite balozi wa nyumba kumi awepo. Sikulala vizuri usiku ule, na kwa kweli niliona kama ananidhania mwizi. Tulipokuwa njiani ndipo nikaelewa kwamba maswali yale yale ndiyo yangemzuia mwizi aje kufunguliwa mlango wangu.

Bei aliitaja kabla hatujaondoka: kufungua elfu kumi na tano, na kama itabidi kukata chochote ataniambia kwanza.

Hakukata kitu. Alitoa kibunda cha funguo kuukuu, akajaribu mmoja baada ya mwingine polepole, na wa saba ukazunguka. Balozi akaguna. Mimi miguu iliniisha nguvu. Mlango ambao jana ulikuwa "haufunguki" umefunguliwa na ufunguo wa nyumba nyingine kabisa!

Akakitoa kitasa, akakifungua anionyeshe. Ndani mlikuwa na vibati viwili tu ambavyo ufunguo huvinyanyua. Vitasa vya namna hii, alisema, huwa na michoro michache ya funguo, kwa hiyo huko mtaani wapo watu wengi wenye ufunguo wako bila wao kujua. Vibati vikiongezeka, michoro inayowezekana inaongezeka mno. Miaka minne nilikuwa nafunga mlango ule na kwenda kazini nikiwa na amani.

Kitasa kipya alikataa kuninunulia. "Nenda dukani mwenyewe, mwanangu. Boksi liwe halijafunguliwa, uhesabu funguo kama zimetimia." Nikanunua chenye vibati vingi zaidi. Alipomaliza kukifunga alikizungusha mara kadhaa mlango ukiwa wazi, maana kikigoma huku mlango umefungwa tunarudi kule kule. Akanikabidhi funguo zote tatu mbele ya balozi pamoja na kitasa cha zamani, akaandika kwenye daftari lake tarehe, nyumba na kazi aliyofanya, nikatia sahihi.

Kabla hajaondoka aliuchukua ufunguo mmoja, akanionyesha tarakimu ndogo zilizogongwa kichwani. Wapo wanaoweza kuchonga ufunguo kwa kusoma tarakimu hizo tu, akasema, kwa hiyo niziandike mahali salama kisha nizikwangue. Na nisimwachie mtu ufunguo hata dakika mbili, kwa sababu kipande cha sabuni kinatosha kuchukua umbo lake, na siku hizi hata picha ya simu. Nilimshukuru kwa lugha yake, ndaga fijo, akacheka akapanda bajaji.

Mwezi uliopita nilitaka nakala ya nne kwa ajili ya mdogo wangu anayekuja kukaa nasi. Sikuwa na nafasi, nikamtuma kijana wa jirani kwa mzee na ufunguo mmoja. Alirudi saa sita mchana na ufunguo uleule, hela zote mkononi. "Mzee amesema hanichongei. Mama aje mwenyewe."

Jumamosi nikaenda.