Darasa la mavi ya tembo

Jumapili usiku. Tumerudi kutoka Mikumi, na katika yote waliyoyaona, watoto wa dada yangu hawana habari nyingine ila ya mavi. Simba tuliwaona pia, wamejilaza kivulini. Haukupita muda watoto wakaanza kupiga miayo.

Hifadhini hushuki kwenye gari unapotaka. Kwenye bwawa la viboko panaruhusiwa, na hapo ndipo mwongozaji wetu alipowaonyesha bonge la mavi ya tembo. Hakueleza kitu. Aliokota kijiti, akalipasua, akauliza, "Mnaona nini?" Majani, vipande vya magome, nyuzinyuzi ndefu kama hazijaguswa na meno. Akawasogeza kwenye mavi ya nyati: laini, yametandazika. Wote wawili wanakula majani, akasema, mbona mavi hayafanani?

Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Mkubwa, ambaye likizo zake huishia zizini kwa babu, akasema polepole, "Ng'ombe anacheua." Naam! Na nyati hucheua: tumbo lina vyumba vinne, chakula kinarudi mdomoni kusagwa upya. Tembo hacheui. Anaweza kula kilo 150 kwa siku, na zaidi ya nusu humtoka bila kumeng'enywa. Ndiyo maana mbegu za mkumi, mti wa jamii ya mnazi ulioipa hifadhi jina, hupita tumboni mwake salama zikaenda kuota mbali.

Darasani mmeng'enyo ni mchoro wa ubaoni: mishale, majina, nakili, funga daftari. Sina ugomvi na mchoro, nami nilifaulia huohuo. Lakini haujawahi kumfanya mtoto abishe.

Hawa walibisha. Mdogo alidai pundamilia atakuwa upande wa tembo, kwa sababu ni ndugu wa punda, na punda hajawahi kumwona akicheua. Mbele kidogo tukapunguza mwendo pembeni ya mavi ya pundamilia. Kupitia dirishani nyuzi zilionekana wazi. Alivyojitutumua, ungedhani kamzaa pundamilia yeye!

Mwongozaji hakumwacha atambe. "Kiboko je? Tumbo lake lina vyumba vitatu, lakini hacheui. Mtamweka wapi?"

Mpaka tunaingia Morogoro mjini walikuwa bado hawajakubaliana.