Ukuta wa Baba

Kwanza ilikuwa harufu. Chumba cha Mama kilinuka kama gunia lililosahauliwa majini, nami kila asubuhi nilifungua dirisha nikidhani kinachohitajika ni hewa tu. Baadaye rangi ikaanza kuvimba nyuma ya kitanda chake, malengelenge kama ya mtu aliyeungua, na ukiyagusa yanapasuka na kumwaga unga mweupe. Usawa wa goti ukajichora mstari wa kahawia, wa kupanda na kushuka, kutoka pembe hadi pembe. Mama akakivuta kitanda hadi katikati ya chumba. Hakulalamika. Ila usiku mvua ikinyesha nilimsikia akiamka, akienda taratibu kuugusa ukuta kwa kiganja, kisha akirudi kulala na kikohozi chake.

Kikohozi kile ndicho kilichoninyima usingizi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, unaoeleza jinsi vinavyohusiana na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Niliposoma maelezo yake nilikwenda kumulika tochi nyuma ya kabati. Ukungu mweusi ulikuwa umetambaa kuanzia sakafuni, na nguo za chini kabisa zilikuwa zimeanza kupata madoa. Siku hiyo hiyo nikamtafuta fundi.

Alikuja, akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akatoa hukumu: "Mzee wenu hakuweka DPC."

DPC ni lile tabaka lisilopitisha maji linalolazwa juu ya msingi kabla tofali la kwanza la ukuta halijapandishwa. Tofali hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta, na bila tabaka hilo unyevu wa ardhini hupanda ukutani, kwa kawaida hadi karibu mita 1. Maelezo ya fundi yaliendana na mstari wangu wa kahawia, nikayakubali. Niliyakubali upesi mno, na hilo linaniuma mpaka leo. Nyumba ile aliijenga baba yangu mwenyewe, likizo baada ya likizo, nami nikiwa mtoto wa kumpokeza matofali. Alikuwa mtu wa kurudia kazi akiona timazi imekaa upande. Lakini alikuwa ameshafariki, hakuwepo wa kujibu, na mimi nikakaa sebuleni nikimwambia Mama kwamba Baba aliruka hatua.

Mama alinitazama tu. "Baba yako?" akasema, akaondoka.

Basi tukatoboa mashimo kwa mstari chini ya ukuta, ikamiminwa dawa ya kuzuia maji, kisha juu yake ikapigwa lipu ya saruji nzito yenye kemikali, hadi usawa wa kiuno. Kwa miezi 3 ukuta ulipendeza. Mvua zilipokolea, unyevu ukatokea juu ya kiuno, pale pale lipu mpya ilipokutana na ile ya zamani. Leo naelewa sababu: saruji ile ngumu ilikuwa imeufunga ukuta usipumue, na maji yaliyokuwa ndani yake hayakuwa na pa kutokea ila juu. Wakati ule niliona tu kwamba ugonjwa umepanda kifuani.

Fundi wa pili alikuwa mzee, mwashi wa siku nyingi, aliyeletwa na shemeji yangu. Nilimfungulia mlango wa mbele lakini hakuingia. Alibaki nje, kwenye njia ya gari, akiangalia chini.

"Mwanangu, hii njia iliwekwa lini?"

"Miaka 4 iliyopita, Mzee. Baba alikuwa ameshatangulia."

"Ile ya kwanza mliing'oa?"

"Hapana. Tulitandika juu yake."

Hakusema neno. Aliomba mpira wa maji, ule mwembamba wa kuona ndani, akaujaza maji, akanishikisha ncha moja ukutani na yeye akaenda na nyingine hadi ukingo wa mbali. Ni kifaa kisichodanganya, maana maji katika ncha zote mbili husimama usawa mmoja, hata kama kati yake pana kilima. Tukaweka alama, tukapima. Njia ilikuwa na upana wa mita 4, na upande wa nyumba ulikuwa chini kwa sentimita 5. Mwinamo ulitakiwa uwe kinyume: sentimita 1 kwa kila sentimita 60 kuelekea mbali na ukuta, yaani karibu sentimita 7 kwa upana ule.

Kisha akachukua ndoo ya maji akaimwaga katikati ya njia. Maji hayakubabaika. Yalifuata mapengo ya vitofali vilivyotandikwa njiani, yakafika kwenye dirisha la Mama, yakasimama kidogo chini ya ukuta, yakazama. Juu ya hapo, bomba la gata lilikuwa likimwaga maji yote ya nusu ya paa papo hapo. Nilipita pale kila siku kwa miaka 4.

Jioni ile nilikaa na kalamu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, hesabu nyepesi kabisa. Njia yetu ilikuwa na urefu wa mita 12, kwa hiyo mita za mraba 48. Mvua moja ya milimita 25 ilikuwa ikileta lita 1,200, mapipa 6 makubwa, na sehemu kubwa ya hayo tulikuwa tukiielekeza kwenye kichwa cha kitanda cha Mama. Maji ya paa sijayaweka humo.

Kesho yake tulianza kufukua kando ya ukuta. Tuling'oa vitofali vya mstari wa kwanza, mchanga uliokuwa chini yake ukawa tope, na chini ya tope kifusi. Mzee alichimba kwa beleshi fupi, kwa uangalifu, akinionya kwamba mtaro wa kando ya nyumba haushuki chini ya kitako cha msingi, maana ukiuondolea msingi udongo unaoushika, nyumba inatitia. Nami nilikuwa nikisugua matofali kwa brashi ya waya. Sentimita 2 tu chini ya pale uso wa njia ulipokuwa, brashi ikagusa kitu laini. Nikafuta kwa kidole. Mstari mweusi, karatasi ya lami, umelala kati ya tofali na tofali, umenyooka. Niliufuata kwa magoti kutoka dirishani hadi pembeni mwa nyumba. Haukukatika mahali popote, na pembeni Baba alikuwa ameupishanisha kipande juu ya kipande, kiganja kizima.

DPC ilikuwepo. Aliiweka, tena sentimita 15 juu ya ardhi, ili hata matone yanayoruka mvua inapopiga chini yasiivuke. Sisi ndio tulioongeza juu ya njia yake kifusi cha sentimita 6, mchanga wa sentimita 5 na vitofali vya sentimita 6, tukaizika. Maji hayakuhitaji kupanda kutoka msingini. Tuliyapa daraja yakaingia juu ya kizuizi chake.

Nilimwita Mama. Alitoka na khanga begani, akainama kwa shida, nikamshika mkono. Aliugusa ule mstari mweusi. "Nilikuwepo siku alipoiweka," akasema. "Alinituma nikamshikie ncha."

Kama angeniambia siku ile sebuleni! Lakini nilikuwa nimesema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Kazi iliyofuata ilichukua siku 11, nyingi zikiwa za kubeba. Tuliondoa vitofali vyote, tukavunja na ile njia ya zamani, tukashusha ardhi hadi pale Baba alipokuwa ameiacha, na mara hii mwinamo ukaelekea bustanini. Kando ya ukuta tuliacha ukanda wa sentimita 40 bila vitofali. Humo tulichimba mtaro, tukatandika kitambaa cha kuchuja, tukamwaga kokoto zilizooshwa, tukalaza bomba la milimita 100 lenye matundu, matundu yakiangalia chini, likishuka sentimita 1 kwa kila mita. Kokoto tena juu, kisha kitambaa kikakunjwa kama shuka ili udongo usiingie ukaziba. Kokoto zisizooshwa ni kosa ambalo Mzee alilirudia mara nyingi: lile vumbi lake linakuwa tope ndani ya bomba. Maji ya gata tuliyapa bomba lake zima, lisilo na matundu, kwa sababu hakuna maana kuyashusha kutoka paani halafu kuyamwaga tena miguuni mwa nyumba.

Mabomba yote mawili yalikwenda kwenye shimo la kufyonza maji, mita 6 kutoka ukutani. Kabla ya kulichimba tulijaribu udongo kwa kishimo cha sentimita 30, tukakijaza maji na kungoja tuone yatazama kwa muda gani. Mfinyanzi mzito ungetulazimu kutafuta njia nyingine. Wetu ulinywa.

Ndani tulibandua lipu yote ya saruji hadi matofali yakabaki uchi. Ule unga mweupe ni chumvi inayoachwa ukutani maji yanapokauka, na huondolewa kwa brashi kavu. Ukiuosha unayeyuka na kurudi ndani. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na hii ndiyo sehemu ngumu kuliko kuchimba. Mafundi hukadiria mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta. Wetu ulikuwa na milimita 230. Miezi 9, wakati Mama analala chumba cha wageni na watu wanauliza kwa nini nyumba nzuri ina ukuta uliochunwa.

Kila mwisho wa mwezi nilifuata ukingo wa unyevu kwa penseli ya seremala na kuandika tarehe. Mwezi wa kwanza haukusogea hata kidogo, nikaanza kushuka moyo. Wa pili ulishuka kidole kimoja. Kufikia wa tano mistari ilikuwa imepangana kama ngazi, na matofali ya juu yamerudi rangi yake ya asili. Mwezi wa tisa nilibandika kipande cha plastiki ukutani, nikakiziba pande zote kwa utepe, nikakiacha siku 2. Nilipokibandua, upande wa ukutani ulikuwa mkavu. Ndipo tukapiga lipu ya chokaa, ambayo huacha ukuta upumue, na mistari yangu ya penseli ikafunikwa. Mama alikisukuma kitanda chake mwenyewe hadi mahali pake pa zamani. Sikuruhusiwa kumsaidia.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja usiku, kama saa nane. Nilitoka na tochi na mwavuli ambao haukunisaidia kitu. Kwenye njia maji yalikuwa yakitembea kuelekea bustanini, na ule ukanda wa kokoto chini ya dirisha uling'aa lakini haukutuama. Nikaenda shimoni, nikainua mfuniko, nikapiga magoti. Bomba lilikuwa likimimina kwa sauti nene, mfululizo.

Dirisha la Mama likafunguka nyuma yangu.

"Yanapita?"

"Yanapita, Mama."

"Basi ingia ndani, utalowa."