Chambo kikiwa hai kweli: kuvua mbuta (sangara) kando ya Ziwa Victoria msimu wa jua kali

Kuanzia Januari hadi ile mvua ya masika ianze kugonga mabati mwezi wa tatu, watu wananiandikia swali lile lile, mbona chambo changu kinakufa hata kabla sijafika penye nataka kuvua? Na wengi wao hawa ni watu wako na vifaa vizuri kuliko mimi, rodi safi, rili ya maana, ndoano za bei, lakini ukiangalia ndoo yao ya chambo unapata fulu, wale samaki wadogo wa chambo, wameelea tumbo juu na maji yamegeuka maziwa. Kwangu mimi ndoo ndiyo uvuvi wenyewe. Hayo mengine yote unaweza kukopa ama kununua mitumba, lakini samaki mdogo aliyechoka hakuna mbuta atamfuata, na msimu wa joto huyo samaki mdogo anachoka haraka sana.

Sababu yake si uchawi. Maji yakipata joto yanabeba hewa kidogo. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika nyuzi 30 inashuka mpaka kama 7 na nusu, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari, sisi ziwa letu liko mita 1,134 juu kwa hivyo tunapata hata chini ya hapo. Sasa chukua ndoo ya lita 20, weka fulu thelathini, iache kwa boti jua la saa tano likiipiga, na wale samaki wenyewe kadiri maji yanavyopata moto ndivyo mwili wao unavyotaka hewa zaidi, yaani mahitaji yanapanda na hewa inashuka, halafu bado wanakojoa humo humo. Ndiyo maana wanakufa. Hakuna mtu amekuroga.

Kwa hivyo mimi hufanya hivi. Nakata jerikeni ya lita 20 pembeni, naitoboa matundu madogo madogo kila mahali, nafunga kamba, chambo kinakaa ndani na jerikeni yenyewe inaelea kando ya boti ndani ya ziwa, maji yanaingia na kutoka yenyewe. Boti ikitembea naitoa naiingiza kwa ndoo kubwa yenye maji ya ziwa na pampu ndogo ya hewa ya betri, zile za watu wa akwariamu, na chupa ya soda ya plastiki niliyojaza maji nikagandisha usiku kwa friji, imefungwa kifuniko vizuri. Hiyo barafu usiimwage ndani ya maji, iache ndani ya chupa, halafu ukiona maji yameanza kuwa baridi sana toa, juu samaki hapendi kushtuliwa na mabadiliko ya ghafla. Na tafadhali, usijaze ndoo na maji ya mfereji ya nyumbani. Yana klorini, na klorini inaua mashavu ya samaki. Chota maji pale pale ulipotoa chambo.

Halafu punguza idadi. Kumi walio na nguvu wanashinda thelathini wanaohema. Najua ni ngumu kuamini ukiwa pale ufukweni na vijana wanakuuzia kwa bei poa, lakini amini.

Kuhusu chambo chenyewe, hapa kuna mjadala mrefu kila beach unayoenda. Fulu ndiye chakula cha mbuta tangu mbuta aletwe ziwani miaka ya 50 na kuanza kufyeka kila kitu, aina mamia za fulu zilipotea mbuta walipojaa miaka ya 80, na zile zilizobaki zimerudi kiasi baada ya mbuta wenyewe kupungua. Kwa hivyo mbuta anamjua fulu. Unamshika na kindoano kidogo kabisa na kipande cha nyungunyungu karibu na mawe, mtoto wa darasa la tatu anaweza. Shida ya fulu ni moyo mwepesi, akishikwa vibaya na mkono mkavu magamba yanatoka na hapo amekwisha, hata kama bado anaogelea. Lowesha mkono kwanza.

Mumi, yaani kambare, ni kitu kingine kabisa. Mumi ana kiungo juu ya mashavu kinachomwezesha kupumua hewa hii yetu ya juu, ndiyo maana unamwona anapanda juu ya ndoo anameza hewa anarudi chini, na ndiyo maana jua likiwa kali mumi wa urefu wa kidole ndiye chambo changu namba moja. Wale jamaa wa kutega kamba ndefu za ndoano nyingi walilijua hili zamani, kuna watu huku Western wanazalisha vifaranga vya mumi na soko lao kubwa limekuwa hao wavuvi wa mbuta. Ukimshika angalia mwiba wa pezi la kifuani, unachoma vibaya. Na jua kwamba mumi tabia yake ni kutafuta chini, atakimbilia tope na majani ajifiche na mbuta wako apite bila kumwona, kwa hivyo mumi namweka na kiboya, namwinua kama hatua moja ama mbili kutoka chini, abaki pale katikati ya maji akihangaika. Fulu sihitaji kiboya sana, chubwi ndogo inatosha, anaogelea mwenyewe katikati ya maji.

Ndoano napitisha mgongoni, chini kidogo ya pezi la juu, kwa nyama tu, usiguse uti wa mgongo, maana ukigusa amepooza na hapo huna chambo hai, una maiti kwa ndoano. Nikiwa navuta polepole na boti napitisha kwenye midomo ili aogelee akiangalia mbele. Mbuta anasikia mtetemo wa samaki anayehangaika kupitia ule mstari wa ubavuni, hata maji yakiwa na tope, na hii Ghuba ya Winam yetu ina tope mwaka mzima karibu. Ndiyo maana nasisitiza nguvu ya chambo. Maji ya Florida unaweza kuona samaki mita tatu chini, hapa huoni hata kidole chako, kwa hivyo mtetemo ndio unaongea.

Sasa wapi. Watu wanapiga katikati ya magugu maji wakifikiri mbuta amejificha humo. Si hivyo. Mbuta anahitaji hewa nyingi kuliko samaki wengi wa hapa, na ndani ya mafunjo na chini ya lile zulia la magugu hewa ni kidogo sana, ndiyo maana fulu na wadogo wengine wamejificha humo, wao wanaweza kuvumilia na yeye hawezi. Lakini hana haja ya kuingia. Anazunguka kwa mpaka, anangoja mwenye atatoka. Kwa hivyo ule mstari ambapo mafunjo yanaisha na maji wazi yanaanza, pale ufuko wa Dunga, Kisumu, kwa mfano, ndipo chambo chako kinafaa kupita, mita moja mpaka tano kutoka ukingoni, siyo ndani. Vivyo hivyo kwa miamba, fulu wako katikati ya mawe na mbuta yuko nje akipiga doria. Hapo Kisumu ndani maji ni mafupi na mbuta wakubwa si wengi, niseme ukweli, ukitaka wale wa kuvunja mgongo nenda Mbita, Rusinga, upande wa Mfangano kule maji ya kina na yanayotembea. Lakini mbuta wa kilo tatu nne wa ukingoni na vifaa vyepesi, jameni, hiyo ni raha siwezi kueleza.

Na saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kila mtu anasema alfajiri, na mimi nasema inategemea. Penye maji yamekuwa kijani kama rangi ya ukuta, ule mwani usiku hautengenezi hewa, unaitumia, kwa hivyo saa kumi na moja asubuhi ndiyo saa hewa iko chini kabisa kwa hizo ghuba, na mbuta ameshahama. Siku kama hizo nangoja jua litoke kiasi, saa mbili hivi, ama natafuta penye mto unaingia au upepo unapiga maji. Wale wafugaji wa keji walilia Novemba 2022 samaki wao walipokufa kwa wingi upande wa Ogal kwa sababu ya hewa kuisha majini, na mbuta wa ziwani wanakufaga pia hivyo hivyo ziwa likigeuka maji ya chini yakaja juu. Ukikuta mbuta wameelea usivue hapo, na usiokote kupeleka nyumbani.

Sisi hatuna kupwa na kujaa kama watu wa Mombasa, upepo ndio saa yetu. Usiku mpaka asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, maji ya ukingoni yametulia. Kuanzia mchana unageuka, unatoka ziwani kuja kwetu, na jioni unaweza kuja na radi. Mzee mmoja pale ufukweni ambaye ananipeleka na boti yake kila mara, jaduong' wa heshima zake, ananiambia, "Kijana wangu, ukiona wale wa omena wamevuta boti mchanga kavu, wewe unaenda wapi?" Nami namjibu, "Siendi popote, jaduong'." Mawimbi ya mchana yamemeza watu wanaojua ziwa kuliko sisi. Vaa jaketi la kuokoa maisha, si la kukalia. Na karibu na mafunjo kuna kiboko, ukimsikia geuza, usitafute kumpiga picha. Kusimama majini penye majani nako kunaleta kichocho, vua ukiwa ndani ya boti ama juu ya mawe.

Nimetaja omena, yaani dagaa. Mbuta mkubwa anapenda omena, na usiku wa giza bila mwezi wavuvi wa omena wanawasha taa, wadudu na omena wanakusanyika, na mbuta anajua. Ukiwa na urafiki nao wanaweza kukuruhusu ukae mbali kidogo na taa zao, penye mwanga unaishia, na fulu mmoja mwenye nguvu. Lakini waombe kwanza, hiyo ni kazi yao na chakula cha watoto wao, boti yako isiingie kwenye neti zao. Na kumbuka kuanzia Aprili mosi mpaka mwisho wa Julai omena hufungwa, hakuna taa, hiyo mbinu unaiweka pembeni.

Mbuta akija utajua kwanza kwa chambo. Fulu aliyekuwa anatembea pole pole anaanza kutetemeka kama amechanganyikiwa, mkono wako unasikia kwenye nailoni, na hapo ndipo moyo unaanza kupiga. Usivute. Mbuta hang'ati, anafungua mdomo na kufyonza maji pamoja na samaki, halafu anageuka. Ukivuta kwa nguvu mara moja unamtolea chambo mdomoni. Natumia ndoano ya duara, namwachia aende hatua kadhaa, kisha nakaza uzi polepole na ndoano inajishika yenyewe kona ya mdomo. Hiyo pia inasaidia asimeze mpaka tumboni, maana unaweza kulazimika kumrudisha. Nailoni ya mwisho kabla ya ndoano iwe nene, mbuta hana meno ya kukata lakini mdomo wake ni kama msasa, na kifuniko cha mashavu kina makali ya kukupasua mkono. Akiruka juu ya maji akitikisa kichwa, shusha rodi, lakini usimpe uzi uliolegea. Nimewahi kuona watu wazima wakipiga kelele kama watoto hapo na sioni ubaya wowote.

Chini ya sentimita 50 anarudi majini, hiyo ni sheria na pia ni akili, na juu ya 85 vilevile, hao wakubwa wengi ni majike na mayai yao ndiyo mbuta wa kesho. Msimu wa joto kumrudisha kuna haraka yake. Usimlaze kwenye boti yenye jua, usimpige picha kumi, toa ndoano akiwa majini kama inawezekana, mshike mkia ukimwelekeza kwenye maji yanayotembea mpaka apige mkia mwenyewe. Wa kula muue haraka, mtoe matumbo, weka kwenye barafu pale pale, juu mbuta ana mafuta na jua la Kisumu halisubiri ufike Kondele. Leseni pia kata, na pita ofisi ya BMU, ile kamati inayosimamia ufuko, ya beach unayotumia uwasalimie, watu wa beach wakikujua wanakuangalilia gari, wanakuambia maji yamekuwaje wiki hiyo, na siku injini ikizima ndio watakuja kukuvuta.

Chambo kilichobaki sasa. Fulu uliyemtoa ziwani hapo hapo mrudishe hapo hapo, aende zake. Mumi wa kununua kutoka bwawa la mtu usimmwage ziwani hata kama unamwonea huruma, hujui amebeba ugonjwa gani, na ziwa hili limeshaletewa wageni wa kutosha. Peleka nyumbani ukaange, ama mpe jirani mwenye bwawa kama anakubali. Mimi nawakaanga na nyanya na pilipili kidogo, na ugali wa wimbi ukiwepo basi hata mbuta simkumbuki.