Mlango wa mbele

Jumamosi iliyopita niliambiwa kwamba wafanya usafi huingilia nyuma. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba moja ya kale hapa London, jina lake naliacha, tiketi mkononi na buibui langu la kutokea mwilini. Yule mtu wa mlangoni hata tiketi hakuitazama. Miaka 11 nawaogesha na kuwalisha wazee wa mji huu, nawashika mkono usiku wakiogopa giza, halafu siku yangu moja ya mapumziko nikitaka kuona viti vya kale naonyeshwa uchochoro. Aliniomba radhi, ndiyo. Nikaingia, nikazunguka vyumba vyote, na sikumbuki hata kimoja.

Kesho yake hasira ilinipeleka Kenwood, lile jumba jeupe kando ya Hampstead Heath. Kuingia ni bure, na ndani kuna picha za Rembrandt na Vermeer, lakini mimi humwendea Dido. Dido Elizabeth Belle alizaliwa 1761, mama yake Mwafrika aliyekuwa mtumwa, baba yake ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Alilelewa hapo na mjomba wa baba yake, Lord Mansfield, jaji mkuu. Ndiye Mansfield aliyeamua mwaka 1772 kwamba James Somerset, mtumwa aliyetoroka, hawezi kukamatwa na kutolewa Uingereza kwa nguvu. Sasa nyumbani kwake mwenyewe? Mgeni aliyealikwa mwaka 1779 aliandika kwamba Dido aliingia baada ya watu kula, akakaa na wanawake. Baada ya kula! Na ndiye aliyesimamia maziwa na kuku wa jumba hilo. Nilikaa bustanini hadi baridi ikaniondoa.

Ndugu zangu mnaojipanga kuja, mtaambiwa huku hata hewa inauzwa. Si kweli. Jumba la Sir John Soane, msanifu majengo wa zamani, pale Lincoln's Inn Fields ni bure, na Soane mwenyewe alikuwa mtoto wa fundi mwashi. Alipata sheria ya Bunge mwaka 1833 ili nyumba ibaki kama alivyoiacha. Chini mna jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, alilolinunua kwa pauni 2,000 baada ya British Museum kulikataa. Nendeni. Msikubali miaka ipite mnajua njia ya kazini na ya kutuma pesa tu, kama nilivyofanya mimi miaka sita ya mwanzo.

Leighton House, karibu na Holland Park, si bure. Tiketi ni zaidi ya pauni 10, karibu malipo yangu ya saa nzima, na anayejua mwananchi hulipa nini Fort Jesus ataelewa kwa nini nilisita. Jana nililipa. Frederic Leighton alikuwa mchoraji, akiishi katika jumba kubwa lenye chumba kimoja tu cha kulala, na kuanzia 1877 aliongeza ukumbi unaoitwa Arab Hall. Kuba la dhahabu, chemchemi ya marumaru nyeusi sakafuni, na kuta zimejaa vigae vya buluu vya Damascus, vingi vya karne ya 16 na 17. Baadhi alitafutiwa na Richard Burton, yule yule wa Burton na Speke tuliyekaririshwa darasani, aliyetoka Unguja 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika huku watu wetu wakimbebea mizigo.

Nilisimama kama niliyerudi Lamu. Kwetu sahani za Kichina hupangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na pwani kuna makaburi ya nguzo yenye mabakuli yaliyojengewa ukutani, kwa hiyo macho yangu yalijua pa kutua. Kisha nikaona maandishi ya Kiarabu juu ukutani, midomo ikaanza yenyewe: *Ar-Rahman. Allamal Qur'an. Khalaqal insan. Allamahul bayan.* Amemuumba mwanadamu, akamfundisha kubainisha. Sura niliyoihifadhi chuoni nikiwa na miaka minane, mwalimu akigonga ubao kwa kijiti.

Mama mmoja mzee wa Kiingereza, wa wale wanaojitolea pale, alinisogelea. Nilijikaza nikingoja kuulizwa natafuta nani. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama naweza kuyasoma. Alisema maana anaijua kwa Kiingereza, ila hajapata kusikia yanavyosomwa, je, ningemsomea? Nilisoma kwa mahadhi, taratibu, maji yakichuruzika kwenye chemchemi. Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama. Nilipomaliza alinipa penseli na kipande cha karatasi, nikamwandikia kwa herufi za kizungu, neno kwa neno, naye akilirudia kila neno huku kanishika kiwiko. *Bayan* ilimshinda mara mbili. Ya tatu akaipata, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa ndani wa koti.