Ukibadilisha shoki, stendi nayo ipimwe

Watu wengi hapa Nairobi wakiinua kimo cha nduthi, yaani pikipiki, wanafikiria shoki (shokomzoba) na tairi na vile itaonekana, lakini stendi ya pembeni haikumbukwi mpaka siku mtu anatoka dukani anapata pikipiki imelala na mkono wa klachi umevunjika. Mimi naona stendi ni sehemu ya kazi ya shoki kabisa. Umewekewa shoki ndefu na stendi ikabaki ile ile, hiyo kazi haijaisha, hata kama umeshalipa.

Yangu niliinua nyuma sentimita nne hivi manake naishi huko ndani ndani upande wa Kangundo Road na nabeba boksi la mzigo, zile shoki za kwanza zilikuwa zinagonga mwisho kila shimo. Kabla nati yoyote haijafunguliwa nilipima mlalo, yaani pikipiki inalala digrii ngapi ikiwa kwa stendi. Unahitaji simu tu, ile programu ya leveli, unaiegemeza kwa rimu ya nyuma pikipiki ikiwa kwa stendi, usukani umekatwa kushoto vile huwa unaufunga, na kwanza upime sakafu yenyewe manake sakafu nyingi hazijanyooka. Nikapata digrii 11. Shoki mpya zikaingia, nikapima tena palepale, 17. Ukisikia sita unaona ni kidogo lakini mwili unaisikia, boksi likiwa limejaa kuitoa kwa stendi ni kusukuma na paja, na mguu wa stendi sasa unabeba uzito mwingi kuliko ule ilitengenezewa kubeba. Lile tundu la bolti linaanza kupanuka pole pole, likipanuka mguu unacheza, mguu ukicheza mlalo unazidi tena.

Sasa hapa kwa vipimo ndo watu wanakosana. Shoki imeongezeka sentimita nne, kwa hivyo tuongeze stendi nne, si ndio? Hapana. Gurudumu la mbele halijapanda, na stendi iko katikati hapo chini ya kanyagio, so inapanda nusu na kitu kidogo. Kwa yangu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama sentimita 130, na bolti ya stendi iko kama 75 kutoka mbele. Chukua 75 gawanya kwa 130 zidisha kwa nne, unapata 2.3. Ukiongeza zote nne pikipiki inasimama wima kama askari wa gwaride, na hiyo ni mbaya kuliko kulala sana, manake ikisukumwa kidogo tu inaenda kulia na kulia hakuna kitu cha kuishika.

Na ukumbuke barabara zetu zina mgongo katikati ndo maji yateremke kando. Ukipaki kushoto, ardhi inashuka upande wa stendi, mlalo unaongezeka. Ukipaki upande wa kulia wa barabara ukiangalia mbele, zile za njia moja mjini, mlalo unapungua. Pikipiki inatakiwa isimame pande zote mbili bila wewe kugeuka geuka kuiangalia. Ndo maana mimi napenda 11 au 12 kwenye sakafu sawa, sitaki chini ya 10.

Usikate chuma siku hiyo hiyo. Springi mpya zinakaa kidogo baada ya wiki kadhaa, na ile ngazi ya kukaza springi ya nyuma ukiipandisha au ukiishusha kimo kinabadilika hata kama hujapanda. Kwa hivyo chagua ngazi yako kwanza, tembea nayo, boksi likiwa pale linakaa siku zote, alafu ndo uende kwa stendi. Wakati nasubiri nilikuwa naweka kipande cha plaiwudi chini ya mguu wa stendi, na hicho kipande ndo kilinipa jibu la mwisho kuliko hesabu yoyote: unapanga vipande vyembamba kimoja juu ya kingine, unaangalia simu, ikifika 12 unasimama, unapima unene wa hivyo vipande. Yangu ilikuja milimita 22. Hapo unaongeza milimita moja au mbili manake mguu haushuki wima, unashuka kwa mshazari.

Ukienda Grogan, nasema Kirinyaga Road kwa maduka ya spea, utauziwa stendi ya modeli ingine iliyo ndefu, na saa zingine inakubali kabisa. Shida ni tundu la bolti na ile ndoano ya springi, zikiwa tofauti kidogo stendi inaweza kushuka ukipita bamsi, na mguu wa stendi ukishika lami kwa kona ya kushoto wewe unaanguka. Mimi nilienda na yangu Kariobangi Light kwa mzee mmoja wa kuchomelea. Nilikuwa nimeshaifungua kutoka kwa pikipiki, na hiyo nakuomba usiruke, umeme wa kuchomelea ukipita kwa fremu unaweza kuua vifaa vya umeme.

Aliigeuza geuza, akaniambia, "Kijana, hii siungi mdomo kwa mdomo, itavunjikia hapo." Nikamwambia, "Sawa mzee, wewe ndo unajua chuma." Akakata pale mguu umenyooka, mbali na kona, akachonga kipande cha chuma kigumu cha duara kikaingia ndani ya bomba pande zote mbili kwa kubana, akaacha mwanya wa hizo milimita, kingo akazilaza na grainda ndo moto ushuke ndani, akajaza.

Kile kisahani cha chini, kinachokanyaga ardhi, alikiachia mwisho, na nashukuru sana. Alikidonea, yaani alikishika na moto kidogo, sehemu mbili tu, akaniambia nikaifunge kwa pikipiki niishushe pale sakafuni. Nikapiga magoti nikaangalia: upande wa ndani umegusa, upande wa nje kuna mstari wa mwanga unapita chini yake. Mguu ukibadilika urefu pembe ya kisahani nayo inabadilika, na kisahani kikikanyaga na ukingo mmoja kinazama kama kisu kwa ule udongo mweusi wa kwetu mvua ikinyesha, hata kwa lami ya saa nane jua likiwa kali. Akakipiga nyundo kidogo mpaka mwanga ukapotea, ndo akamaliza kuchomelea, na akaongeza bamba pana chini.

Kama una stendi ya kati pia, iangalie. Shoki ndefu zinafanya gurudumu lining'inie chini zaidi, so ukiweka stendi ya kati tairi la nyuma linaweza kuwa linagusa ardhi, na hapo kupaka cheni mafuta unapata shida. Na kwa wale walioshusha pikipiki, stendi inakatwa, hesabu ni ile ile, lakini kata kidogo kidogo. Ukimaliza inua stendi uangalie ncha yake isiguse cheni wala ekzosi, ipandishe na kuishusha mara kadhaa springi ivute vizuri, paka grisi kwa bolti.