Mnalala au mnapumzika?

Jumapili usiku. Watoto wameshalala, mimi niko mezani na daftari la dukani, ila ukurasa niliofungua leo hauna hesabu za fotokopi. Juu nilishaandika BICHI, nikapiga mistari miwili chini yake, na leo nimefunika kwa kiganja kwa mazoea tu, maana mama mkwe alikuwa anapita kwenda kuzima taa ya uani.

Mwezi ujao tunatimiza miaka kumi na miwili ya ndoa. Yote hiyo tumeishi Dar, na sijawahi hata siku moja kulala mahali ambapo nikishtuka usiku nasikia mawimbi. Hapa Tabata nikishtuka nasikia mbwa, bodaboda na pampu ya jirani inayovuta maji saa nane za usiku. Bichi ya Koko tunakwenda, sikatai. Idi tunakwenda, tunakula mihogo na mishikaki, mtoto anapotea, mtoto anapatikana, tunarudi na mchanga ndani ya viatu. Lakini hiyo ni bahari ya kwenda na kurudi.

Nilipomwambia baba watoto kwamba nataka tukalale siku mbili hoteli ya ufukweni, akaweka kijiko chini.

"Tuna msiba wapi?"

Simlaumu. Kwetu kulala nje ya nyumba kuna sababu zake: msiba, harusi ya mkoani, basi limekufa njiani ukajikuta unatafuta gesti Morogoro saa sita usiku. Kulipa pesa ukalale ng'ambo ya maji, wakati kitanda chako unakiona ukifumba macho, hilo linataka maelezo. Tena kwa mtu mzima wa Dar maelezo ni magumu, kwa sababu neno gesti lina sifa zake mjini hapa na wote tunazijua.

Simu ya kwanza niliipiga Jumatatu, nimejificha stoo katikati ya maboksi ya karatasi. Nikaomba chumba cha watu wawili, selfu. Kijana wa mapokezi akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mnalala au mnapumzika?"

Nikanyamaza. Nina miaka thelathini na minane, nina watoto watatu, na pale stoo nilijisikia nimefumaniwa. "Tunalala," nikasema. Halafu nikaongeza kitu ambacho hakuniuliza: "Ni mume wangu."

"Hamna shida, dada," akanijibu, kwa sauti ya mtu anayeambiwa hivyo kila siku.

Hoteli ile nikaifuta kwenye orodha, ingawa sidhani kama kijana alikosea. Ni kazi yake, na bei zipo mbili.

Mwanzoni moyo ulikuwa Unguja, Jambiani hasa. Rafiki yangu aliolewa kule na kila akinitumia picha roho inaruka. Nikapiga hesabu: boti ya watu wawili kwenda na kurudi inakula laki na zaidi kabla hujaweka begi chini, halafu kuna gari la kutoka Malindi mpaka kusini mashariki ya kisiwa. Kibubu changu, nilichokivunja kwa nyundo ya baba watoto huku yeye akiangalia kwa masikitiko (ya nyundo au ya kibubu, sijui), kilitoa laki tatu na elfu ishirini. Kwa hiyo Jambiani itasubiri. Kigamboni kivuko ni shilingi 200 kwa mtu, unapanda Feri, unashuka ng'ambo, unatafuta usafiri wa kwenda mbele, Mjimwema, Gezaulole na kuendelea kusini. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 wenye magari wanapitia Kurasini, ila sisi hatuna gari na mimi kivuko nakipenda. Zile dakika chache majini ndizo zinazonifanya niamini kwamba nimeondoka.

Gezaulole, kwa Kizaramo, maana yake jaribu uone. Nikamwambia baba watoto. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akasema basi tukajaribu.

Kutafuta chumba cha bei nafuu kumenifundisha kusoma picha kama mpelelezi. Kitanda chenye taulo lililokunjwa umbo la bata hakikuambii kitu. Angalia dirisha: lina wavu? Angalia ukutani: kuna soketi ngapi, na feni ni ya dari au ya kusimama? Picha ya bafu isipokuwepo, jua kuna sababu. Maoni ya wageni nayo yanataka mtafsiri. Mzungu mmoja alilalamika kwamba jogoo wa jirani waliwika alfajiri. Nikaiwekea hoteli alama ya vema, maana pale penye jogoo pana kijiji, na penye kijiji pana mama lishe. Mwingine aliandika kwamba mchanga uliingia chumbani. Bichi! Ulitaka uingie nini?

Kuna waliotaka kunivuruga. Hoteli moja ilinitumia bei kwa dola. Nikawauliza, mimi napiga simu kutoka Tabata, dola nazitoa wapi? Tena tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kuweka bei za huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni, nikawakumbusha kiungwana. Wakanipa bei ya shilingi, na nilipoirudisha kwenye dola nikakuta imepanda njiani. Nyingine bei ilikuwa tamu mpaka mwisho wa mazungumzo, ndipo nikaambiwa "hiyo bado VAT". Asilimia 18 si hela ya kumtajia mtu wakati anaaga. Na kuna moja, picha nzuri kuliko zote, iliyotaka nusu ya malipo leo leo kwa namba ya simu ya kawaida. Nikaanza kutuma ili nione jina tu. Likaja jina la mtu, wala si la hoteli. Nikaomba lipa namba ya biashara. Kimya. Kesho yake nikatafuta zile picha, sikuziona tena.

Mwishowe nikapata mahali, mabanda sita ya makuti na baa ndogo. Dada wa pale anajibu simu mwenyewe, na nilimhoji kama mwendesha mashtaka. Neti ipo? Ipo, nzima, haina matundu. Umeme ukikatika? Jenereta inawashwa mpaka saa sita usiku, baada ya hapo upepo. Chai imo? Imo: mayai, mkate, tunda, chai au kahawa. Nikafika kwenye maji, kwa sababu upande ule visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na sitaki kulipa hela nikaoge maji yanayokataa sabuni.

"Maji ya bafuni ni ya chumvi au ni baridi?"

"Ni ya moto, dada, tuna hita."

"Nauliza kama ni maji baridi."

"Ukitaka baridi usiwashe hita."

Tulizunguka hapo dakika nzima mpaka nikasema, dada'angu, nikiyaonja, yana chumvi? Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kwao ni Singida, na "maji baridi" kwa maana ya maji yasiyo na chumvi ni maneno niliyoyaokota kwa mama mkwe. Maji, akasema, yanaletwa na boza, ila yale ya kunawia miguu nje ni ya kisima.

Kuhusu AC hatukubishana. Baba watoto ni fundi friji na AC, kwa hiyo nilidhani ndicho kitu cha kwanza atakachotaka. "AC ya hoteli ya bei ile naijua," akasema. "Nitalala naisikiliza kompresa usiku kucha, na asubuhi nitakuwa juu ya ngazi naisafisha bure." Tumechukua cha feni. Kazi yake ndiyo iliyopanga mwezi pia. Joto la Dar likishaanza kupanda, kuanzia Novemba mpaka Machi, simu yake hailali na mimi simwoni. Masika nayo, Machi mpaka Mei, mvua. Wakati wa upepo wa kusi wenyewe, Juni na Julai, bahari ya upande ule inachafuka. Iliyobaki ni sasa, kusi limeanza kuchoka na wateja bado hawajakumbuka kwamba wana AC.

Tukachagua wikiendi moja ya Oktoba. Nikaiandika kwenye daftari, nikaizungushia duara.

Kilichobaki ni mama. Mama mkwe anakaa nasi mwaka wa nne sasa, na mpango mzima ulisimama juu ya yeye kubaki na watoto. Lakini utamwambiaje mama wa mumeo, mwanamke wa Pangani anayekuita "mwanangu" na bado wewe unashusha macho ukiongea naye, kwamba unamchukua mwanawe mkalale hotelini? Nilitunga semina. Kisha nikatunga harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Nilikuwa bado naichagulia mkoa jana mchana, tumekaa uani, yeye ana ungo anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa:

"Huko bichi mnakwenda lini?"

Daftari. Nilikuwa nimeliacha juu ya friji. Macho yake ya karibu hayaoni sindano, lakini BICHI kwa herufi kubwa na mistari miwili aliiona.

Nikamtajia tarehe. Mawe yakaendelea kutoka kwenye mchele, moja, moja.

"Hiyo itakuwa mwezi ngapi?"

"Mwezi wa kumi, mama."

"Siyo mwezi wa ukutani. Mwezi wa juu."

Sikujua. Yeye anajua siku zote, kwa sababu hufunga masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu. Akahesabu kwa vifundo vya vidole, dole gumba linapanda na kushuka. "Mwezi kumi na nne," akasema. "Kwanza mimi nimefunga, na hao wajukuu wanataka mapishi matatu kwa siku. Pili mnakwenda kwenye bamvua."

Akaweka ungo chini. Mwezi ukiwa mpevu, akanieleza, na tena ukiandama, maji yana nguvu: yanajaa sana na yanakupwa sana. Kwa pwani yetu hii siku hizo yanajaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na yanakupwa kwenye saa nne. "Mtaamka, mtakunywa chai yenu ya kulipia, mkitoka nje bahari imekwenda zake. Mtatembea kwenye majani na matope mpaka mchoke, na wale viumbe wa miiba myeusi wanawachoma miguu." Kisha kila siku maji yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana, mpaka ukifika mwezi saba au nane, au ishirini na mbili, ni maji mafu. Hayajai sana wala hayakupwi sana, na saa nne asubuhi unayakuta yapo yanakungoja.

Usiku nikarudi kwenye picha za lile banda. Nilikuwa nimezitazama mara mia. Katika kila picha bahari imejaa mpaka karibu na viti, na katika kila picha vivuli vya minazi ni virefu, vimelalia upande wa maji. Ufukwe ule unatazama mashariki. Kivuli kikilalia bahari, jua liko magharibi, ni alasiri. Picha zote, zote, zimepigwa saa kumi ya bamvua! Sisemi wamedanganya. Mimi pia nikipigwa picha navuta tumbo.

Nikampigia dada wa Singida leo asubuhi. Mwezi saba unaangukia Jumanne. Akafurahi kuliko mimi, kwa sababu katikati ya wiki mabanda ni matupu, na bei ikashuka kutoka elfu themanini hadi sitini na tano kwa usiku. Muziki wa baa pia ni wa Jumamosi na Jumapili tu. Mwenye duka amenipa ruhusa ya siku tatu, kwa sharti kwamba risala za harusi ya mdogo wake nitazichapa bure. Malipo ya awali nimelipa kwa lipa namba, na jina lilikuja sahihi.

Hesabu imekaa hivi: chumba laki na thelathini, chakula cha usiku pale pale elfu sabini kwa siku zote mbili, mchana kwa mama lishe wa kijijini elfu kumi na sita, nauli na bajaji elfu thelathini, ya matumizi nyumbani elfu arobaini. Inabaki elfu thelathini na nne ya dharura. Baba watoto anasema ni ya soda.

Kitu kimoja tu kinanichekesha. Gesti nilizowahi kulala zote zilikuwa na kile kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Nikikikuta na huko, nitaandika Tabata mara mbili.

Mama amepita tena sasa hivi, taa ya uani imeshazimwa zamani. Safari hii sikufunika daftari. Amesimama nyuma ya kiti changu, akauliza kama nitakumbuka kumletea maji ya bahari ya kukandia magoti. Ya bomba na chumvi ya dukani hayamsaidii. Nikasema nitamletea chupa.

"Chupa ya nini? Dumu."

Nimeandika chini ya dharura: dumu la lita tano, tupu, lenye mfuniko usiovuja.