Nilivyokinusuru kioo cha vinara

Nilikinunua mnadani hapa Bristol kwa bei ya chini kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Kioo cha duara, fremu ya mbao yenye nakshi na dhahabu, tai juu, vinara viwili vya mishumaa ubavuni, kimoja kikining'inia kama mkono uliovunjika. Ni mtindo wa Uingereza wa mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mama alipokiona kwenye simu akauliza, "Mwanangu, mbona kimevimba?" Nikamweleza ni kioo mbinuko, kimefanywa hivyo makusudi ili kitawanye mwanga wa mishumaa chumbani.

Kosa nililifanya siku ile ile. Nililowesha kitambaa, kidogo tu, nikafuta masizi kwenye bawa la tai. Kitambaa kikarudi na dhahabu. Bawani pakabaki pekundu, na ukingoni peupe. Moyo ulinipasuka!

Ule wekundu ni udongo laini unaotandazwa chini ya dhahabu, na weupe ni chaki iliyokorogwa na gundi ya ngozi za wanyama. Gundi hiyo hulainika kwa maji, na dhahabu yenyewe ilibandikwa kwa maji. Nami nikaja na kitambaa kibichi!

Tangu hapo ikawa brashi kavu ya manyoya ya mbuzi, jioni tatu. Vumbi nililisukumia kwenye mashine ya kufyonza, mdomo wake nimeufunga kipande cha chandarua. Bahati nzuri, maana jani moja la nakshi lilibanduka nikalikuta limenasa hapo. Nikalirudisha kwa gundi ile ile ya ngozi, ya moto. Fundi mwingine akitaka kulitoa kesho, atalitoa.

Kinara hakikunisumbua. Tundu la skrubu lilikuwa limepanuka tu, nikalijaza kijiti na gundi, nikakaza.

Bawa sikulipaka dhahabu ya kopo. Mwenye kioo wa zamani alishafanya hivyo kwenye ukingo wa chini, na sasa pamegeuka kahawia kama tope. Nilitia rangi ya maji pale peupe, pekundu nikapaacha.

Madoa ya kioo nayo sikuyagusa: nyuma kuna tabaka la bati na zebaki linalokifanya kiakisi, na zebaki ni sumu.

Mishumaa imo, siiwashi. Nikiwasha taa ya mezani, chumba kizima kinaingia mle, nami pembeni, mdogo kama kidole.